Kumsafirisha mtoto kutoka Nairobi kwenda mashindano ya mbali: mwongozo kamili kwa mzazi

Mtoto anayecheza mpira mtaani hufikia umri ambao mechi za Jumamosi katika kiwanja cha Camp Toyoyo au cha Jacaranda hazimtoshi tena, na siku moja hurudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa bukta, ikisema kwamba timu imealikwa Kisumu, Nakuru, Eldoret au Mombasa kwa siku tatu. Mwongozo huu ni wa mzazi aliyeshika karatasi hiyo. Nimesafiri mara kadhaa na binti yangu, ambaye huchezea timu ya wasichana wasiozidi miaka 13, nami nimeona kwamba kazi ya mzazi katika safari kama hii ni ndogo kuliko tunavyodhani: kumfikisha mtoto uwanjani akiwa amelala vizuri, amekula vizuri, na karatasi zake ziko tayari. Kupanga timu ni kwa kocha na kucheza ni kwa mtoto. Kila mara nilipojaribu kujiongezea kazi ya nne, niliharibu mojawapo ya hizo tatu.

Mfano nitakaourudia zaidi ni safari ya Kisumu, kwa sababu ni mbali, kuna joto na kuna mbu, na aliyejiandaa kwa Kisumu hatashindwa na Nakuru.

Hatua ya kwanza: uliza kabla hujalipa

Ikiwezekana wiki sita kabla ya safari, mwombe kocha akuonyeshe barua ya mwaliko yenyewe, wala usitosheke na ujumbe uliosambazwa katika kundi la WhatsApp. Katika barua hiyo tafuta jina la anayeandaa mashindano, uwanja, tarehe, kundi la umri na siku ambayo umri huo unahesabiwa, kwa maana mtoto aliyezaliwa Desemba na aliyezaliwa Januari wanaweza kuwekwa katika makundi mawili tofauti ingawa wanasoma darasa moja. Uliza pia mtoto atacheza mechi ngapi kwa siku moja. Mashindano mengi ya watoto huwa na mechi fupi lakini nyingi, na mtoto anayecheza mara nne kati ya asubuhi na jioni anahitaji chakula, maji na kivuli kwa namna tofauti kabisa na anayecheza mara moja.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo ulioandikwa unaoonyesha nauli, malazi, chakula na ada ya usajili, kisha ulipe kwa namba ya malipo ya timu badala ya simu binafsi ya kocha. Kocha mwaminifu hataudhika kwa ombi hilo, na akiudhika utakuwa umejua jambo la maana mapema. Tenga kando akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya tano ya gharama yote, uiweke katika M-Pesa, na noti chache za mia uzibebe mkononi kwa ajili ya vyoo vya kulipia na wauzaji wasiokuwa na chenji.

Mashindano yakiangukia likizo ya Aprili, Agosti au Desemba, shule haina neno. Yakiwa katikati ya muhula, mwandikie mwalimu wa darasa barua yenye tarehe za kuondoka na kurudi, na kama mtoto yuko Gredi ya 6 au ya 9, ambazo hufanya mitihani ya kitaifa mwishoni mwa mwaka, safari ya Oktoba au Novemba ifikirie mara mbili.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Mwaka mmoja tulifika kwenye meza ya usajili mjini Nakuru saa moja asubuhi, binti yangu akiwa amevaa jezi tayari na nywele zimesukwa upya kwa ajili ya siku hiyo. Msimamizi aliichukua karatasi niliyompa, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akaisukuma taratibu kuelekea kwangu kwa kidole kimoja. “Mama, hii ni taarifa ya hospitali. Mimi nahitaji cheti.” Baba yake alilazimika kupekua kabati nyumbani Umoja, Nairobi, akakikimbiza cheti halisi mjini kwenye ofisi ya matatu zinazobeba vifurushi, nacho kikatufikia saa saba mchana ndani ya bahasha ya kaki. Mechi mbili zilikuwa zimekwisha. Aliketi kwenye benchi akiwa amevaa jezi, bila neno, akichuna nyasi moja moja.

Basi fahamu tofauti hiyo. Taarifa ya kuzaliwa ni ile karatasi inayotolewa na hospitali, au kwa aliyezaliwa nyumbani kupitia naibu wa chifu. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na idara ya usajili wa raia, na huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usisubiri wiki ya safari ndipo uombe. Hakikisha majina yaliyo kwenye cheti yanafanana na yale yaliyoandikwa kwenye orodha ya timu, herufi kwa herufi, kwa kuwa mtoto anayeitwa jina moja shuleni na jingine katika cheti huzua maswali ya umri hata kama hana hatia yoyote. Cheti halisi kaa nacho wewe, nakala apewe kocha, na picha yake iwe katika simu yako na katika simu ya mtu aliyebaki nyumbani.

Karatasi ya pili ni ya matibabu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na mtoto hutambuliwa kama mtegemezi wa mzazi. Kwa hiyo thibitisha mapema kwamba jina lake limo katika usajili wako, na kama mna bima nyingine, uliza ni hospitali gani za mji mnaokwenda zinazoikubali. Ikiwa husafiri naye, andika barua ya idhini yenye jina na namba ya kitambulisho cha mtu mzima unayemkabidhi, ukieleza wazi kwamba anaruhusiwa kukubali matibabu ya dharura kwa niaba yako, na utaje mzio wowote, pumu, kifafa au dawa anazotumia mtoto. Itie sahihi, uandike namba mbili za simu, na usiandike namba ambayo huzimwa usiku.

Mashindano yakiwa Arusha au Kampala, mtoto atahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kudungwa, na cheti chake hudumu maisha yote.

Hatua ya tatu: chagua usafiri na saa ya kuondoka

Timu ikikodi basi au matatu, usione haya kulikagua gari kabla watoto hawajapanda. Tazama stika ya bima na ya ukaguzi kwenye kioo cha mbele, kisha uingie ndani na uvute mkanda wa kila kiti, kwa sababu mkanda uliopo na mkanda unaofungika ni vitu viwili tofauti. Tangu kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, magari ya abiria yanatakiwa kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lakini mzazi ndiye atakayejua kama kanuni hizo zimepanda gari pamoja na mwanawe. Muulize dereva alilala saa ngapi na alitoka wapi jana. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita 350 hivi, safari ya saa saba au nane kwa gari lililojaa watoto, na dereva aliyeendesha usiku kucha hafai kwa safari hiyo hata akiwa hodari namna gani.

Safirini mchana. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi ili mpite Limuru kabla ya msongamano, mnywe chai Naivasha, msimame tena Nakuru, na mteremke kutoka Kericho kungali na mwanga. Baada ya Nakuru kuna malori mengi upande wa Salgaa na miteremko inayohitaji subira, na hiyo ni sababu nyingine ya kutofika huko gizani. Wajulishe watoto kuhusu hali ya hewa pia: Kericho watavaa masweta, na wakifika Ahero watayavua huku wakilalamika kana kwamba wewe ndiye uliyeleta joto.

Mtoto anayetapika garini akae viti vya mbele, atazame mbali barabarani badala ya simu, na asipande tumbo likiwa tupu wala likiwa limejaa. Mkate mkavu na chai kidogo isiyo na maziwa humtosha. Beba mifuko ya karatasi, kwa maana ile ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Wanaokwenda Mombasa wana bahati ya treni. Madaraka Express huondoka kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau na kufika Miritini baada ya saa tano au sita, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, huku mtoto wa miaka 3 hadi 11 akilipiwa nusu. Tiketi hukatwa kwa *639# au mtandaoni kwa majina ya abiria, hivyo cheti cha mtoto kiwe karibu. Fikeni kituoni angalau saa moja kabla, kwa kuwa mizigo hupangwa chini kwa safu ili inuswe na mbwa wa usalama, na timu ya watoto ishirini wenye mabegi na mipira haipiti hapo haraka. Kumbuka pia kwamba Miritini si mjini. Panga mapema gari la kuwapokea.

Hatua ya nne: malazi na usalama wa mtoto

Timu nyingi hulala katika mabweni ya shule, na hilo halina ubaya mradi umeuliza maswali. Je, kuna magodoro na neti, au kila mtoto abebe vyake? Maji ya kuoga yanatoka mferejini au yanachotwa? Wasichana na wavulana wako majengo tofauti? Nani analala nao, na je, kwa wasichana yupo mwanamke mtu mzima usiku kucha, si mchana tu? Mtoto asilale chumba kimoja na kocha peke yake, wala asiitwe peke yake chumbani kwa mtu mzima yeyote, na kanuni hiyo isemwe mbele ya kocha mwenyewe ili kila mmoja aisikie kwa wakati mmoja. Mwambie mwanao, kwa maneno ya kawaida na si kwa kumtisha, kwamba akiguswa au akiambiwa jambo la kumfanya akose amani anaweza kukupigia saa yoyote, na kwamba namba 116 ni ya bure kwa watoto nchini kote.

Ukilala nyumba ya wageni pamoja naye, bei isikudanganye. Kuna chumba nilichowahi kukilipia kwa furaha kwa sababu kilikuwa nafuu na karibu na uwanja. Kumbe ghorofa ya chini ilikuwa baa, na ngoma zilitetemesha kitanda hadi saa tisa usiku. Sasa hupiga simu Ijumaa usiku kabla ya kulipa, nikajifanya nauliza bei, huku nikisikiliza kelele zilizo nyuma ya sauti ya mhudumu.

Hatua ya tano: chakula, joto na mbu

Jioni ya kuamkia mechi si wakati wa kujaribu chakula kigeni. Ngege mzima wa Kisumu ni mtamu, lakini ana miba na mtoto hajamzoea. Acha umnunulie siku ya mwisho. Usiku huo mpe ugali au wali, mboga, na nyama au maharagwe kwa kiasi alichozoea. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya mechi ya kwanza, uji, mkate, yai na ndizi vinatosha. Kati ya mechi mpe vitu vidogo vyenye wanga: viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani na kukatwa vipande, ndizi, chapati kavu. Vibanzi na soda vinavyouzwa langoni vitamkalia tumboni wakati wa kukimbia, na anayetaka kuvinunua avinunue filimbi ya mwisho ikishapulizwa.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, Kisumu mita 1,130 na Mombasa ni pwani kabisa, kwa hiyo mtoto wetu aliyezoea baridi ya asubuhi atatoka jasho kwa namna asiyoijua. Mpe maji kabla hajaona kiu, na wakati wa mchezo apate mafunda kadhaa kila dakika ishirini. Mkojo wa rangi ya manjano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayajatosha. Beba paketi za ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, na usome kwenye paketi ni kiasi gani cha maji kinachotakiwa, kwa maana si zote zinachanganywa kwa lita moja. Zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi, vitamsaidia mtoto aliyeharisha wakati mnamtafuta daktari. Mtoto anayeumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kukauka jasho katikati ya joto atolewe uwanjani, apelekwe kivulini na kupozwa kwa maji. Akichanganyikiwa, ni hospitali mara moja.

Malaria inastahili aya yake. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga aliyoijenga mwenzake wa kando ya ziwa, na eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini. Pwani pia ipo. Muone daktari wiki mbili kabla ya safari umuulize kuhusu dawa za kinga kulingana na umri na uzito wa mtoto, wala usimpe dawa za mtoto wa jirani. Alale ndani ya neti iliyochomekwa chini ya godoro, avae mikono mirefu na suruali tangu jua linapotua, na apakwe dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo vya miguu, ambako watoto husahau. Halafu ziwa lenyewe: watoto wataomba kuogelea, na jibu ni hapana, kwa sababu ya kichocho, hata wakionyeshwa wenyeji wanaoogelea.

Hatua ya sita: kufunga begi

Mruhusu mtoto afunge begi mwenyewe wewe ukisoma orodha, maana akifungiwa hatajua soksi ziko wapi. Kila siku ya mechi iwe na mfuko wake wa kitambaa, hata foronya kuukuu inafaa, wenye jezi, bukta, soksi mbili na chupi, na jina lake liandikwe kwa kalamu isiyofutika. Vikinga ugoko viwe mfuko wa pembeni. Ongeza leso au shuka, ndara, koti la mvua kwa ajili ya radi za alasiri za Kisumu, kofuli dogo, taulo, sabuni, chupa ya maji ya lita moja, na kwa msichana aliyekaribia kubalehe, sodo na maelezo yake hata kama bado hajaanza. Sanduku dogo la dawa liwe na plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda na ya maumivu aliyozoea.

Daluga mpya zinunuliwe angalau wiki tatu kabla na zivaliwe mazoezini, kwa sababu hakuna kocha awezaye kumponya mtoto mwenye malengelenge visiginoni. Zikilowa, tumia njia niliyoonyeshwa na mlinzi mmoja wa bweni: gonga tope lote litoke, toa soli za ndani, finyanga kurasa za Taifa Leo la jana ziwe mabonge na uzishindilie hadi kwenye kidole gumba, subiri saa moja, ondoa zile zilizolowa na uweke kavu, kisha ziache mahali penye upepo. Usizianike karibu na jiko wala kwenye jua kali; gundi huachia, na soli hufunguka kama mdomo wa mamba katikati ya kipindi cha kwanza.

Hatua ya saba: siku ya mechi

Fikeni uwanjani saa moja kabla, mjue choo kiko wapi, gari la wagonjwa liko wapi, na kivuli kitahamia upande gani adhuhuri. Tandika leso, mketi. Ukishamkabidhi kwa kocha, nyamaza. Mtoto anayesikia “piga!” kutoka kwa mama na “pasi!” kutoka kwa kocha husimama tu na mpira, na binti yangu aliniambia jambo hilo wazi tukiwa njiani kurudi, bila kuinua macho kutoka kwenye dirisha.

Akiteguka, mweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kama ishirini, inua mguu, na asirudi mchezoni akichechemea. Kichwa hakina mjadala: aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, kusahau, kuona ukungu au kuumwa kichwa hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama yeye mwenyewe analia kwa kutaka kurudi. Akitapika, akasinzia isivyo kawaida, akapatwa na degedege au maumivu yakizidi, apelekwe hospitali. Namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Hatua ya nane: kurudi na siku zinazofuata

Msiondoke Jumapili alasiri kama mnaweza kulala na kuondoka Jumatatu alfajiri, au basi muondoke Jumapili asubuhi. Foleni ya jioni kati ya Naivasha na Limuru huwafikisha watoto nyumbani usiku wa manane. Garini usifungue mjadala wa mabao yaliyofungwa. Mpe chakula, mwache alale, na ya mechi atayasema mwenyewe akiwa tayari, mara nyingi Jumatano akiosha vyombo.

Nyumbani, andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni na uhesabu wiki nne. Dalili za malaria kwa kawaida huanza baada ya siku saba au zaidi tangu mtoto aumwe na mbu, wakati begi limeshafuliwa na safari imesahaulika, na katika zahanati ya Nairobi homa ya mtoto huweza kudhaniwa kuwa mafua. Binti yangu alipandwa na homa siku ya kumi na moja baada ya Kisumu, akitetemeka chini ya blanketi mbili ilhali jua lilikuwa linawaka nje. Nilipoketi mbele ya daktari, sentensi yangu ya kwanza ilikuwa kwamba tulilala usiku mitatu kando ya ziwa. Akaiweka chini kalamu aliyokuwa ameshaanza kuandikia dawa, akamtoboa kidole, na mistari miwili ikatokea kwenye kipimo kabla ya dakika ishirini kwisha.